Barua kwa Mwalimu: Kwa nini Katanga ilikufa, Sudan Kusini ikazaliwa?

Mwezi huu barua nne zimegusa jambo moja, nami nimeacha maswali mengine yote ili nizijibu pamoja. Walioniuliza habari za Mkwawa wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa malori, nakaa Tunduma. Napeleka mzigo Lubumbashi na kurudi na shaba. Majuzi tulikwama Kasumbalesa siku nne kwenye foleni, na mzee mmoja wa Kikongo, dereva mwenzangu, akanionyesha sarafu aliyoachiwa na baba yake. Imeandikwa Katanga. Akaniambia, "Hii ilikuwa nchi." Nilidhani ananitania. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona Katanga ilikufa, wakati Sudan Kusini wamejitenga juzi tu na dunia ikawakubali? – Dereva, Tunduma

Marahaba, mwanangu, na pole kwa foleni. Mzee hakukutania. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba Katanga imejitoa. Ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, benki kuu yake, stempu, jeshi, na hiyo sarafu uliyoishika: upande mmoja msalaba, upande wa pili ndizi, kama vile imetengenezwa kwa ajili yetu wa Rungwe. Ilichokosa ni kutambuliwa. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua rasmi. Hata Ubelgiji, ambayo maofisa wake ndio walioishikilia isianguke, haikuthubutu.

Nikueleze kwa mfano wa kiwanja, maana huku kwetu nani hajanunua au kuuza? Ukinunua kiwanja Uyole unaweza kujenga, ukaezeka bati, ukapanda parachichi, ukahamia na watoto. Siku ya kesi utaulizwa mambo mengine kabisa. Bikoni ziko wapi? Aliyeuza alisaini? Majirani wa mpakani walishuhudia? Mhuri uko wapi? Uzuri wa nyumba haujibu hata swali moja kati ya hayo.

Katanga ilijenga nyumba nzuri. Fedha ilikuwapo, kwa kuwa kampuni ya migodi ya Union Minière iliacha kulipa kodi serikali kuu, ikamlipa Tshombe. Lakini mwenye kiwanja, serikali ya Leopoldville (Kinshasa ya leo), hakusaini. Majirani nao, nchi changa za Afrika, wengi wao waliona huu ni mgodi uliovikwa bendera. Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipouawa huko huko Katanga, tarehe 17 Januari 1961, wakazidi kuichukia. Hata ndani hapakuwa na amani: Waluba wa kaskazini mwa Katanga walimkataa Tshombe na kupigana naye. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi. Katibu Mkuu wake, Dag Hammarskjöld, alikuwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Wewe unapita Ndola kila safari. Mahali pale pana kumbukumbu yake. Siku ukipata nafasi, ufike. Januari 1963 Katanga ikasalimu amri.

Sasa tazama Sudan Kusini. Walianza kupigana mwaka 1955, Sudan yenyewe haijapata uhuru. Mwaka 1972 yakapatikana mapatano Addis Ababa, yakavunjwa, na mwaka 1983 wakarudi porini wakiongozwa na John Garang. Usidhani waliiteka Khartoum. Walichoweza ni kuifanya vita isishindike, hadi mwenye kiwanja akachoka. Julai 2002, kule Machakos nchini Kenya, serikali ya Khartoum ilikubali kwa maandishi kwamba baada ya miaka sita ya mpito watu wa kusini watapiga kura kuamua wenyewe. Mkataba kamili ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Marekani, Uingereza na Norway zilisukuma, majirani wakashuhudia. Bikoni nazo zilitajwa kwa tarehe: mpaka wa kusini na kaskazini kama ulivyokuwa tarehe 1 Januari 1956, siku ya uhuru wa Sudan.

Garang hakuufikia mwisho. Helikopta yake ilianguka Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais. Kura ikapigwa Januari 2011, na asilimia 98.83 wakachagua kujitenga. Tarehe 9 Julai bendera ikapandishwa Juba, na Omar al-Bashir, yule yule aliyepigana nao miaka yote, alikuwapo kwenye sherehe. Siku tano baadaye wakapata kiti Umoja wa Mataifa, nchi ya 193. Mwanangu, Bashir kukaa pale jukwaani ndiyo tofauti kati ya pauni ya Sudan Kusini inayonunua unga leo na sarafu ya mzee wako inayokaa mfukoni. Wala usisikie kwamba mambo yaliishia kwenye ngoma. Desemba 2013 waliwashiana moto wenyewe kwa wenyewe. Kukabidhiwa hati ni jambo moja, kuishi ndani ya nyumba bila kuuana ni jingine, na nililia niliposikia habari zile, maana nilikuwa nimewafundisha watoto darasani kwa furaha habari za siku ile ya Julai.

Eritrea walipita njia inayofanana. Bikoni zao zilichomekwa na Waitaliano, waliofanya koloni lao mwaka 1890. Mwaka 1952 Umoja wa Mataifa uliwaunganisha na Ethiopia kwa shirikisho, na mwaka 1962 mfalme akalifuta. Walipigana miaka 30. Lakini waliposhika Asmara Mei 1991, wapiganaji wa Tigray waliokuwa bega kwa bega nao walikuwa wakiingia Addis Ababa siku hizo hizo. Serikali mpya ya Meles Zenawi haikuwa na sababu ya kuwazuia. Aprili 1993 kura, asilimia 99.8, na Mei mwaka huo huo wakakaribishwa Umoja wa Mataifa.

Wanaoniuma ni watu wa Somaliland. Wana kila kitu ulichowahi kusikia kinahitajika. Mpaka wao ni wa Waingereza. Walipata uhuru wao tarehe 26 Juni 1960 na wakawa nchi kwa siku tano, kisha kwa hiari yao wakaungana na Somalia ya kusini tarehe 1 Julai. Mwaka 1988 ndege za serikali yao wenyewe ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa kuupiga mabomu mji wa Hargeisa. Fikiri ndege inaondoka Songwe kuja kuipiga Mwanjelwa. Tarehe 18 Mei 1991 wakasema basi. Wana shilingi yao, polisi wao, na chaguzi ambazo rais aliye madarakani hushindwa na kuondoka, mwaka 2010 na tena mwaka 2024. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliowatembelea mwaka 2005 uliandika kwamba historia yao ni ya pekee. Zaidi ya miaka 30 imepita na kiti hawajapewa. Walipojitoa, Mogadishu haikuwa na serikali ya kusaini chochote. Zilipokuja serikali, zikakataa. Na majirani wanaogopa: ukimpa huyu, kesho nani atabisha hodi?

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha historia sekondari hapa Mafinga. Wanafunzi wameniuliza swali nikababaika. Mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria. Mwaka 2008 askari wetu wakaenda Anjouan kuzima waliotaka kujitenga na Komoro. Je, tulibadili imani? – Mwalimu, Mafinga

Marahaba, mwenzangu. Umenirudisha mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa mpima chai kwenye shamba moja hapa Rungwe, mtu wa kuandika kilo za watu kwenye daftari. Redio yetu ilikula betri kubwa nne. Zikichoka, baba alizianika juani ili zipate nguvu za siku mbili tatu. Lakini Aprili Rungwe jua liko wapi? Ile Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, tarehe 13 Aprili 1968, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na betri zilikuwa zimepangwa kando ya mafiga, si karibu sana zisipasuke, si mbali sana zisipoe. Kazi ya kuzigeuza ilikuwa yangu. Jioni redio ikaongea kwa sauti nyembamba kama mbu. Tukasikia kwamba Tanzania imeitambua Biafra kuwa nchi huru. Baba akaniambia ninyamaze, nami sikuwa nimesema neno.

Tulikuwa wa kwanza duniani. Mwezi uliofuata wakafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia, na mwaka 1969 Haiti. Basi. Nchi tano.

Jambo lililowashangaza watu wazima ni kwamba huyu Mwalimu Nyerere ndiye aliyesimama Cairo Julai 1964, akawaomba wakuu wenzake wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakubali mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, hata kama iliwekwa na wakoloni kwa rula. Wakakubali, isipokuwa Moroko na Somalia zilizogoma. Iweje sasa yeye huyo awe wa kwanza kuubariki mpaka mpya? Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba serikali ipo kwa ajili ya kuwalinda watu. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, na waliobaki, zaidi ya milioni moja, wakakimbilia mashariki. Watu waliokwisha kuona kwamba ndani ya nyumba ile hawana usalama, huwezi kuwarudisha kwa bunduki ukauita umoja. Hoja hiyo nimeifundisha hadi nikastaafu, na hadi leo sijaona palipovuja.

Lakini tazama walivyoshindwa. Nigeria haikusaini. Uingereza na Urusi ya Kisovieti, ambazo hazikuwa zikipatana juu ya jambo lolote, zote mbili ziliipa Nigeria silaha. Enugu, mji mkuu wa Biafra, ulianguka Oktoba 1967. Mei 1968 ikaanguka Port Harcourt, na hapo Biafra ikakosa bahari. Chakula kikawa kinaingia usiku kwa ndege, kikishuka kwenye barabara iliyogeuzwa uwanja kule Uli.

Liko jambo moja ambalo kwa maoni yangu liliwaumiza kuliko mizinga, nalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mashariki mwa Nigeria hawakuwa Waigbo peke yao. Walikuwapo Waefik, Waibibio, Waijaw, na sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa chini ya miguu yao. Tarehe 27 Mei 1967 Jenerali Yakubu Gowon aliigawa Nigeria majimbo 12, na mawili kati ya hayo akayakata kwenye mashariki ile ile kwa ajili ya makabila hayo madogo. Ojukwu, kiongozi wa mashariki, alitangaza Biafra siku tatu baadaye, tarehe 30. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikuwamo ndani ya Biafra watu walioambiwa na Lagos: ninyi nanyi mtapata kwenu. Anayejitenga akisahau kwamba naye ana wadogo ndani ya nyumba yake, adui hatasahau. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waluba kule Katanga.

Januari 1970 ikaisha. Ojukwu alikwisha kukimbilia Ivory Coast, na waliobaki wakasalimu amri tarehe 15. Watu wengi mno walikuwa wamekufa, na wengi wao walikuwa watoto waliokufa kwa njaa. Baba alizima redio kabla taarifa haijaisha, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, yeye aliyethamini betri hivyo. Akasema, "Tuliwapa jina. Hatukuweza kuwapa chakula."

Sasa Anjouan. Kisiwa kile kilitangaza kujitenga na Komoro mwaka 1997, na ombi lao lilikuwa la ajabu: Ufaransa iwachukue tena. Walikuwa wakiitazama Mayotte, kisiwa jirani kilichobaki na Ufaransa, wakaona hospitali na mishahara. Ufaransa ikakataa. Wakarudishwa kwenye muungano kwa katiba ya mwaka 2001, kila kisiwa na rais wake. Mwaka 2007 rais wa Anjouan, Kanali Mohamed Bacar, akafanya uchaguzi uliokataliwa na serikali ya muungano na Umoja wa Afrika, akang'ang'ania kiti. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka 2008 alikuwa Rais Kikwete. Machi mwaka huo askari wa Tanzania na Sudan walishuka kisiwani pamoja na jeshi la Komoro, na Bacar akakimbilia Mayotte. Kijana wa jirani yangu alikuwamo katika safari ile. Alirudi na kifurushi cha karafuu kwa mama yake, akasimulia jinsi akina mama walivyowashangilia barabarani.

Waambie wanafunzi wako hivi. Watu wa Biafra walikuwa wanakimbia kuuawa, Bacar alikuwa anakimbia kuachia ofisi. Ukiyapima mambo hayo mawili kwa mzani mmoja, kosa liko kwenye mzani wako. Mimi sioni kwamba tulibadili imani.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma chuo hapa Mbeya. Wakurdi wa Iraq walipiga kura mwaka 2017, asilimia 92 wakataka uhuru. Wakatalani wa Hispania nao walipiga mwaka huo huo. Hawakupata. Kura ina maana gani basi? – Mwanachuo, Mbeya

Marahaba. Kura ina nguvu pale aliye juu alipokubali kabla kwamba ataheshimu matokeo. Uskochi walikubaliana na London kwanza, mwaka 2012, ndipo wakapiga kura Septemba 2014. Asilimia 55 walikataa kujitenga, na ingekuwa wamekubali, wangeondoka. Timor Mashariki walipiga kura Agosti 1999 kwa ridhaa ya Indonesia iliyokuwa ikiwatawala, asilimia 78.5 wakataka kuondoka. Wanamgambo waliwachomea miji, lakini mwaka 2002 nchi ikazaliwa. Wakatalani walipiga kura ambayo mahakama ya katiba ya Hispania ilikwisha kuizuia. Wakurdi walipiga kura Baghdad ikikataa, Uturuki na Iran zikikataa, na wao hawana bahari. Wiki tatu baadaye jeshi la Iraq likawanyang'anya Kirkuk na visima vyake vya mafuta. Usisahau Bangladesh lakini, iliyokuwa sehemu ya Pakistan: Pakistan haikuwaridhia hata kidogo, ila Desemba 1971 jeshi la India liliingia, na ndani ya wiki mbili yote yakawa yamekwisha. Jirani mwenye nguvu akiamua kwa dhati, hasubiri saini.

Ugonile Mwalimu. Nina shamba la mpunga kando ya mto Songwe, Kyela. Mafuriko yaliyopita mto ulihama, na robo ya shamba la marehemu baba sasa iko upande wa Malawi. Kama mpaka wenyewe unahamahama hivi, viongozi waliung'ang'ania wa nini pale Cairo? Sisi na wenzetu wa Karonga si tunaelewana lugha? – Mama wa Kyela

Ndaga fijo, dada yangu, na pole sana. Mnaelewana lugha, mnaoana, mnazikana. Mpaka ule uliandikwa na Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890, watu ambao hawajawahi kukanyaga tope la Songwe, na walichagua mto kwa kuwa kwenye ramani yao ulionekana. Hata ubishi wa Ziwa Nyasa umeanzia kwenye karatasi hiyo hiyo. Viongozi wa mwaka 1964 waliyajua haya yote. Hofu yao ilikuwa kwamba ukiung'oa mpaka mmoja kwa sababu umewagawa ndugu, utalazimika kuing'oa yote, maana hakuna mpaka Afrika ambao haujawagawa ndugu. Wasomali walitaka kuwakusanya Wasomali wote chini ya bendera moja, wakaingia vitani na Ethiopia mwaka 1977, na hadi leo hawajapona sawasawa. Mimi ni Mnyakyusa na moyo wangu uko pande zote mbili za mto, lakini katika hili nasema wazee wa Cairo walifanya sawa, mradi mpaka usiwe ukuta.

Kuhusu shamba, kanuni ya kawaida ya mito ya mpakani ni hii: mto ukihama polepole, mpaka huhama nao, ukiruka ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani, isipokuwa nchi husika zimekubaliana vingine. Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na shabaha yake mojawapo ni kuutuliza mto usihamehame. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na karatasi ya marehemu baba, na uende na mzee mmoja anayekumbuka mkondo ulipokuwa. Usivuke na jembe kabla hawajakujibu. Na huo mpunga uliokwisha kuota upande wa pili, zungumza na jirani wa kule auvune, mgawane. Niliona watu wakifanya hivyo mwaka mmoja wa mafuriko: wa Kyela alisimama ng'ambo hii, wa Karonga ng'ambo ile, na debe la kupimia lilikuwa moja, likivushwa kwa mtumbwi kwenda na kurudi.